Mfumo Huu Unafuma Nini?

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu pale Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa matengenezo. Ikaipiga mizinga na kuilemaza. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lake lenye sura ya ile sanamu ya Misri, na siku hiyo walikuwa hawajapata habari kwamba vita vimeanza. Vyombo vya aina hiyo, vinavyokwenda kwa mvuke, Waswahili walikuwa wakiviita stima.

Stima ilishuka melini siku nyingi. Mkenya ukimtajia stima leo anawaza umeme. Itaje ndani ya saluni ya kike Mbinga mjini, na mhudumu atakuuliza kama umekuja na mafuta yako ya kupaka kabla nywele hazijafukizwa, maana stima ya pale ni lile kopo kubwa la plastiki lenye miguu ya magurudumu, linalomfunika mteja kichwa na kumpulizia mvuke. Mimi sioni upotovu wowote hapo. Neno la mvuke limefuata mvuke ulikokwenda, na anayelisikia kwa mara ya kwanza anakisia mashine inafanya nini kabla hajaiona.

Si kila jina la saluni lina uungwana huo. Anayetaka kufungua saluni ya kisasa Mbinga, Mbamba Bay au Lituhi atatajiwa majina mengi kabla hajatoa shilingi: draya, stebilaiza, mashine ya chaji, lipa namba, kishikwambi, programu, na lile linalonitia wasiwasi kuliko yote, mfumo. Ananunua kwa kusikiliza majina. Basi nayo majina yapimwe, kama anavyopima urefu wa waya na uzito wa kiti.

Tuanze na draya. Wataalamu wa lugha wangetupa kikausha nywele, na sina ugomvi nacho. Kimeundwa vizuri, kinaeleweka. Tatizo lake ni kwamba kinazitia mashine mbili kwenye gunia moja. Wasusi wanatofautisha draya ya kukalia na draya ya mkono, na tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Kwenye ya kukalia mteja anakaa chini ya kofia, anasinzia au anaperuzi simu, na msusi yuko huru kumshika mteja wa pili. Ya mkono inamfunga msusi kwa mteja mmoja mpaka nywele zikauke. Kwa hiyo mwenye mikono miwili na wateja watano wa Jumamosi anajua anunue ipi kwanza, na amejulishwa na lugha ya saluni, wala kamusi haikumsaidia.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mbinga mjini ni juu, mita kama 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya Umatengo inaingia mpaka kwenye mifupa. Nywele zilizooshwa saa nne asubuhi hazikauki kwa kuomba. Teremka kilomita chini ya 70 za lami hadi Mbamba Bay, ziwani, ukakutane na jua ambalo ni draya ya bure kwa sehemu kubwa ya mwaka. Saluni ya huko ningeishauri feni nzuri kabla ya draya ya pili. Wauzaji wa Kariakoo hawatakuambia hivyo. Kwao "vifaa vya saluni" ni orodha moja kwa nchi nzima.

Sasa luku. Hili nalivulia kofia. Lilianza kama herufi za mwanzo za maneno manne, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, mpango wa TANESCO wa miaka ya 1990 wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Leo hakuna anayekumbuka herufi. Luku imeisha, tunanunua luku, mita ya luku inalia. Ni nomino kamili, na bado moyoni mwake limebeba kitenzi cha kulipa. Mwenye saluni halazimiki kusoma mkataba ili ajue nani anagharamia joto la draya. Ameambiwa na jina.

Umeme wenyewe wa kuaminika ni mgeni wa karibuni huku. Mpaka laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, Songea na Mbinga zilikuwa zikitegemea majenereta ya dizeli. Ndiyo maana msamiati wa umeme wa mafundi wa hapa una vidonda: umeme mdogo, umeme unarukaruka, umeme umerudi na kishindo. Kila mojawapo ni ugonjwa tofauti. Umeme mdogo unaifanya draya ipulize upepo wa vuguvugu. Wa kishindo unaiua kabisa. Stebilaiza ni dawa ya yote mawili, mradi iwe na uwezo wa kubeba mzigo wako, na uwezo huo unasomwa kwa neno ambalo ningependa lifundishwe saluni kabla ya neno lolote la kidijitali: wati.

Wati zimeandikwa mgongoni mwa kila mashine, kwa maandishi madogo ambayo muuzaji hayasomi kwa sauti. Draya ya kukalia ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti 1 ya luku. Draya ya mkono ya wati 2,000 inaimaliza uniti hiyohiyo kwa nusu saa. Mashine ya kunyolea ya wati 10 ingehitaji saa 100. Hapo unaelewa kwa nini kinyozi wa kiume anaweza kuanza na betri na paneli ndogo ya sola katika kijiji cha ufukweni, na kwa nini msusi wa nywele za dawa hawezi. Watu wanasema saluni ya kike ina gharama kwa sababu wanawake wanapenda mambo mengi. Uongo mtupu. Ina gharama kwa sababu kukausha kunakula wati na kunyoa hakuli.

Hiyo mashine ya kunyolea ndiyo iliyofanikiwa kuliko ndugu zake zote: imelinyakua neno mashine likawa lake peke yake. Kinyozi akisema "mashine yangu imekufa", hakuna atakayedhani ni draya. Kampuni ya Leo Wahl wa Marekani imekuwa ikitengeneza mashine hizi za umeme tangu 1919, na jina lake limebandikwa leo kwenye maboksi mengi ambayo hayakupita hata karibu na kiwanda chake. Ya waya ina nguvu ya kudumu. Ya chaji inakuokoa umeme ukikatika kichwa kikiwa nusu. Mwenye uwezo awe nazo zote mbili.

Tufike kwenye dijitali. Neno lenyewe silipendi wala silichukii. Nawaza zaidi kuhusu kishikwambi, yaani tableti, kwa sababu njia yake inafundisha jinsi neno jipya linavyoingia mjini. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, na istilahi nyingi nzuri zimebaki vitabuni. Tarakilishi inajulikana na wengi na kutumiwa na wachache, kompyuta ikiwa imeshawahi kiti. Kishikwambi kilipita mlango mwingine. Kwenye sensa ya Agosti 2022 karani aliingia uani akiwa amekishika mkononi, na jina likiwa mdomoni mwake. Baadaye vifaa hivyohivyo wakakabidhiwa walimu. Mwaka mmoja tu, na bibi wa Kigonsera akawa anakijua kwa jina na kwa sura. Neno likija pamoja na kitu chake halihitaji semina.

Saluni nyingi za Mbinga hazihitaji kishikwambi. Nasema hivi nikijua nitanuniwa. Simu janja moja yenye kamera nzuri na betri isiyochoka inatosha: ndiyo albamu ya mitindo iliyochukua nafasi ya zile picha za ukutani, ndiyo daftari la miadi, ndiyo duka la kuonyeshea kazi. Mteja siku hizi haji na jina la msuko, yeboyebo wala twende kilioni. Anakuja na picha na kidole. Lakini hapa kuna istilahi ya kisheria ambayo wasusi wameanza kuisikia na wanapaswa kuizoea: taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaigusa namba ya simu ya mteja na picha ya kichwa chake pia. "Dada, nikuposti?" ni swali dogo. Kisheria linaitwa kuomba ridhaa, na jibu likiwa hapana, picha haiendi popote hata kama rasta zimetoka kama za malkia.

Lipa namba ni ndugu wa luku. Nalo limeanza kwa kitenzi cha kuamuru, kisha likageuka nomino: "Nipe lipa namba yako." M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka mingi mteja alituma hela kwenye namba ya mwenye saluni mwenyewe, zikachanganyika na mchezo, ada ya mtoto na hela ya mjomba kutoka Songea. Jioni hakuna aliyejua saluni imeingiza nini. Namba ya biashara inatenganisha. Kabla ya kuichukua muulize wakala swali moja, kwa kutumia neno lake la mtaani: nani anakatwa? Makato yakiangukia kwa mteja, atarudi kwenye noti. Yakikuangukia wewe, yaingize kwenye bei ya kusuka.

Halafu anakuja kijana mwenye shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mfumo wa kisasa wa kusimamia saluni."

"Marahaba mwanangu. Unafanya nini?"

"Unafanya kila kitu, mama."

Hapo ndipo nami nasimama. Mfumo ni neno la wafumaji. Limetoka kwenye kufuma, kupitisha uzi juu na chini mpaka nguo ishikane. Wavuti imetokana na wavu, na mtandao umetokana na kutandaa. Istilahi za teknolojia zetu zimejaa nyuzi, na hakuna mtu anayezijua nyuzi kuliko msusi, labda mvuvi wa usipa anayeshona nyavu zake ufukweni Mbamba Bay. Lakini neno mfumo limetumika ofisini mpaka likapoteza uzi. Mfumo haufunguki, mfumo umegoma, mfumo haukuruhusu: limekuwa jina la mkubwa asiyeonekana ambaye lawama zote anabebeshwa yeye. Kwa hiyo mama wa saluni ana haki ya kulirudisha kwenye asili yake na kuuliza uzi mmoja mmoja. Unaandika miadi? Unakumbusha mteja kwa ujumbe, na ujumbe huo unalipiwa na bando la nani? Unahesabu makopo ya dawa yaliyobaki? Intaneti ikikatika unaendelea kuandika au unakaa kimya? Nikiacha kulipa, majina ya wateja wangu nabaki nayo mimi au unabaki nayo wewe?

Na kuna uzi wa deni. Programu nyingi zinatoza ada ya mwezi, na zinamdhania mteja analipa papo hapo. Mbinga haiishi kwa mwezi. Inaishi kwa kahawa, inayochumwa kuanzia katikati ya mwaka, na mama anayesukwa Machi anasema waziwazi: niandike, nitalipa kahawa ikilipwa. Chini ziwani saa ni nyingine kabisa. Usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hutulia, na saluni nazo hutulia. Daftari la karatasi linajua haya yote bila kuelekezwa, kwa sababu kuandika "kahawa" au "giza" pembeni mwa jina hakuhitaji ruhusa ya mtu. Programu itakayoniuliza tarehe ya kulipwa, yenye siku, mwezi na mwaka, na kukataa kuendelea mpaka niijaze, haijanitengenezea daftari. Imenitengenezea uongo nitakaoujaza kila jioni.

Kuna hesabu pia. Katika saluni nyingi fundi hana mshahara. Ama wanagawana asilimia kwa kila kichwa, ama fundi anapeleka hesabu: kiasi kilichokubaliwa kwa siku, kama dereva wa bodaboda anavyompelekea tajiri wake, na kinachozidi ni chake. Hesabu hapa si kujumlisha na kutoa. Ni mkataba mzima ndani ya neno moja, wenye haki, hofu na siku mbaya za mvua ndani yake. Fungua programu hizi, hata zile zenye Kiswahili kizuri kwenye kioo, uangalie sehemu ya wahudumu: utakuta mfanyakazi, mshahara na zamu. Ukimwuliza yule kijana mwenye shati safi hesabu ya fundi inaandikwa wapi, atafungua kurasa tatu, atarudi mwanzo, kisha atasema, kwa adabu, kwamba hicho kipengele kitakuja kwenye toleo lijalo. Mpaka kije, mama aendelee kununua daftari la kurasa 200 pale stendi.