Mzigo Mmoja, Wachukuzi Wengi: Historia Fupi ya Istilahi za Kolesteroli

Makala haya yanachunguza jinsi istilahi zilivyofuata, na wakati mwingine zilivyopotosha, maarifa kuhusu usafirishaji wa kolesteroli katika damu. Jina lenyewe lilianzia kwa mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliliunda kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyongo" na "kigumu", kwa kuwa dutu hiyo ilipatikana katika vijiwe vya nyongo.

Kolesteroli haiyeyuki katika maji. Husafirije basi katika damu? Mwaka 1929, Michel Macheboeuf alitenga kutoka katika seramu ya damu ya farasi muungano wa protini na mafuta unaoyeyuka majini. Wachukuzi wa aina hiyo ndio waitwao leo lipoproteini. Mwaka 1950, John Gofman na wenzake wa Berkeley, Marekani, walieleza namna walivyowatenganisha kwa densiti, wakitumia mashine izungukayo kwa kasi kubwa mno. Uainishaji huo ndio msingi wa majina LDL, wenye densiti ndogo, na HDL, wenye densiti kubwa. Katika miaka ya 1970, Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua vipokezi ambavyo seli hutumia kunasa LDL, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Lugha ya umma, hata hivyo, ilishika njia nyingine: "kolesteroli mbaya" kwa LDL na "kolesteroli nzuri" kwa HDL. Ilhali kolesteroli ni ile ile. Kinachotofautiana ni mchukuzi. LDL huifikisha kwenye seli, ila ikizidi hujikusanya katika kuta za ateri. HDL hushiriki kuirejesha kwenye ini. Aidha, uzuri huo una mipaka: mwaka 2006 majaribio ya dawa ya torcetrapib yalisitishwa kwa sababu, ingawa HDL ilipanda sana, vifo viliongezeka miongoni mwa walioitumia.

Kiswahili kinachotumika katika zahanati zetu kimetafsiri sifa hizo mbili bila kuzihoji. Tunapendekeza waandaaji wa miongozo ya afya wamtaje mchukuzi: "kolesteroli iliyobebwa na LDL" au "na HDL". Neno *mchukuzi* tunalo tangu zamani, na mgonjwa hahitaji kamusi ili alielewe. Akilisikia, ataelewa pia kwa nini kipimo chake kina tarakimu zaidi ya moja.