Kadi ya Sauti: Kifaa Kidogo Kilichoipa Kompyuta Mdomo na Masikio

Historia ya kompyuta mara nyingi husimuliwa kama historia ya hesabu na maandishi. Tunafundishwa kuhusu mashine zilizojaza chumba kizima, kisha zikakaa mezani, kisha zikaingia mfukoni. Sauti hutajwa mwishoni, kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo. Haikuwapo. Kwa miaka mingi kompyuta ya mezani ilikuwa karibu bubu, na aliyetaka izungumze alinunua kifaa cha ziada kiitwacho kadi ya sauti. Katika insha hii ninafuata historia ya kifaa hicho, kisha ninaonyesha kwa nini bado kina kazi katika nyumba za kawaida kama yetu hapa Ndera, wilayani Gasabo. Hoja yangu ni kwamba gharama ya kunasa sauti ndiyo iliyoamua, zama baada ya zama, nani asikike na nani asahaulike.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Mitambo ilikuwa ng'ambo, hivyo sauti ilibidi iifuate huko. Baadaye zikaja redio za taifa, lakini mwananchi wa kawaida alibaki kuwa msikilizaji tu. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyokiingiza kinasa sauti sebuleni. Kompyuta ilichelewa sana kufika hapo.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, ndani yake mlikuwa na spika moja ndogo. Kazi yake ilikuwa kulia "pii" mashine ikiwaka au ikipata hitilafu. Iliweza kutoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja, kama filimbi yenye tundu moja. Ofisi haikuona shida, maana mashine ilinunuliwa kwa ajili ya barua na mahesabu.

Mabadiliko yalianzia Kanada. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Québec, iliyoanzishwa na Martin Prével, aliyekuwa mwalimu wa muziki chuoni, ilitoa kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Ilitumia chipu ya Yamaha iliyotengeneza sauti kwa njia aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mbinu hiyohiyo ilikuwa ndani ya kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, kilichosikika katika muziki wa dunia nzima. Sasa kompyuta iliweza kupiga ala kadhaa kwa pamoja. Hata hivyo haikuwa na sikio: iliimba, lakini haikuweza kunasa sauti ya mtu.

Sikio lilitoka Singapore. Sim Wong Hoo alianzisha kampuni ya Creative mwaka 1981, na mwaka 1989 ikatoa Sound Blaster. Kadi hiyo ilitumia chipu ileile ya Yamaha, kwa hiyo michezo iliyoandikwa kwa ajili ya AdLib ilifanya kazi bila kubadilishwa. Juu ya hapo iliongeza njia ya kunasa na kucheza sauti halisi, pamoja na tundu la usukani wa michezo. Mnunuzi alipata zaidi bila kupoteza alichokuwa nacho, na soko likahamia huko. AdLib ilifilisika mwaka 1992. Mwaka huohuo Creative ikatoa Sound Blaster 16. Kwetu Rwanda, ambako nchi yetu hufananishwa mara kwa mara na Singapore, ni vizuri kukumbuka kwamba nchi hiyo ndogo haikuvumbua kompyuta. Iliona kilichokosekana ndani yake, ikakijaza.

Namba 16 ilikuwa na maana gani? Kompyuta hunasa sauti kwa kuipima mara nyingi kila sekunde. Kipimo cha biti 8 kina ngazi 256 tu, ilhali cha biti 16 kina ngazi 65,536, kwa hiyo sauti nyororo hazimezwi na mikwaruzo. Kasi ya kupima nayo ni muhimu, kwa sababu sauti inayonaswa haiwezi kupita nusu ya kasi hiyo. Simu za kawaida zilipima mara 8,000 kwa sekunde, hivyo miliyo ya juu ya 4,000 ilipotea. Sisi tunaojifunza Kiswahili tunalipia hasara hiyo. Tofauti ya "s" na "th" iko zaidi kwenye miliyo hiyo ya juu, na ikikatwa, "samani" na "thamani" huwa neno moja sikioni. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wengi wetu tumekisikia kupitia spika kabla ya kukisikia mdomoni mwa jirani.

Kisha kadi ya sauti ikakaribia kutoweka. Mwaka 1997 Intel ilitoa mpango wa AC'97, na mwaka 2004 ikaleta HD Audio, na watengenezaji wakaweka sauti moja kwa moja kwenye ubao mama. Kila kompyuta ikapata sauti bila gharama ya ziada. Tatizo ni kwamba ndani ya sanduku la kompyuta kuna kelele za umeme kutoka kwa feni, diski na kifaa cha kugawa umeme. Katika mashine za bei nafuu kelele hizo hupenya kwenye sauti na kusikika kama mvumo.

Kompyuta yetu ya mezani ni ya mtumba na ina mvumo huo. Mwaka jana ulikuwa tatizo la kweli, kwa sababu tuna kaseti moja tu yenye sauti ya bibi yangu, mzaa mama, akitega ibisakuzo, yaani vitendawili vyetu vya Kinyarwanda. Bibi amefariki, na utepe unazidi kuchakaa kila unapochezwa. Nilijaribu kuuhamishia kwenye kompyuta, lakini sauti yake ilizama chini ya mvumo. Nikanunua mjini kadi ndogo ya sauti ya USB, saizi ya kidole gumba, kwa faranga 7,000. Kadi ya namna hiyo hubadilisha umeme wa sauti kuwa namba nje ya sanduku, mbali na zile kelele. Haikuhitaji programu ya ziada. Jambo la kuangalia ni kwamba tundu la maikrofoni husubiri umeme mdogo sana, kwa hiyo niliteremsha sauti ya redio kaseti hadi chini kabisa kabla ya kuunganisha waya, la sivyo maneno yangepasuka.

Si kila kitu kilipona, kwani mikwaruzo ya utepe wenyewe imebaki. Lakini bibi akisema "Sakwe sakwe!" anasikika wazi, na nyuma yake mna mtu anatwanga. Mama alisikiliza mara mbili, kisha akasema, "Huyo anayetwanga isombe ni shangazi yako mkubwa." Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia kwenye kaseti ile.

Kwa kuhitimisha, kadi ya sauti haikuwa chombo cha anasa wala cha michezo pekee. Mwaka 1928 sauti ilihitaji safari ya meli. Mwaka 1989 ilihitaji kadi ambayo wachache duniani waliimudu. Leo inahitaji pesa ambazo mwanafunzi anaweza kuweka akiba. Kaseti za familia zetu hazitangoji, kwa sababu utepe huchakaa hata ukiwa kabatini. Wanahistoria wa kesho wataandika kutokana na kile tutakachokihifadhi sasa, na kazi hiyo haihitaji tena mtambo wa ng'ambo.