Jicho la Samaki, Chombo cha Anga na Mnara wa Rugomora Mahe

Kila ninapofundisha namna ya kusoma vyanzo vya historia, huwaonyesha wanafunzi wangu picha ya ndani ya chombo cha anga kilichohifadhiwa makumbusho. Chombo hicho ni Friendship 7, ambacho tarehe 20 Februari 1962 kilimbeba Mmarekani John Glenn akaizunguka dunia mara tatu. Leo kimo katika makumbusho ya taifa ya usafiri wa anga mjini Washington. Chumba alichokaa hakifiki mita mbili za ujazo. Kamera ya kawaida ikielekezwa mlangoni huambulia kipande cha kiti na swichi chache tu. Kwa sababu hiyo wapigapicha hutumia lenzi iitwayo jicho la samaki, inayoweza kuona takriban nyuzi 180 kwa mara moja.

Jina hilo lilianza na mwanafizikia Robert W. Wood, aliyejaribu mwaka 1906 kupiga picha jinsi samaki anavyouona ulimwengu akiwa majini. Mwanga unapoingia majini hupinda. Kwa hiyo samaki aliye chini ya mtumbwi pale Kemondo akitazama juu, huliona anga lote limekusanywa ndani ya duara moja. Mwaka 1924 Robin Hill wa Uingereza alibuni lenzi ya kupiga picha za mawingu ya anga zima. Lakini upana huo una gharama yake: mistari iliyonyooka hupinda, kilicho karibu hutuna, kilicho mbali husinyaa kikawa nukta.

Hapo ndipo ninapowauliza wanafunzi: katika picha hii inayoonekana kuwa na kila kitu, ni kitu gani hakimo? Wengi hutaja rubani. Ni nadra kumpata anayetaja Unguja.

Glenn hakuruka peke yake. Mradi wa Mercury ulitegemea mtandao wa vituo 18 duniani, vikiwemo viwili vya melini, vilivyopokea mawimbi ya redio kutoka angani chombo kilipokuwa kikipita. Barani Afrika kimojawapo kilijengwa Kano, Nigeria, na kingine Tunguu, Unguja. Mapigo ya moyo ya mtu yule na hali ya mitambo yake vilifuatiliwa pia kutoka katika ardhi ya visiwa vyetu.

Ardhi hiyo ilipatikanaje? Makubaliano ya Oktoba 1960 yalikuwa kati ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Wenyeji hawakuwa na sahihi yao katika karatasi hiyo. Chama cha Hizbu kilikipinga kituo, kwa hofu kwamba visiwa vingeingizwa katika mashindano ya silaha ya mataifa makubwa. Marekani ilisisitiza kuwa kazi yake ni ya kisayansi na ya amani. Hata tukikubali maelezo hayo, suala la kisiasa linabaki palepale: watu hawakuulizwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume iliagiza kituo kiondolewe, na mwezi Aprili kikafungwa. Shughuli zake zilihamia Madagaska. Lenzi iliyowekwa mlangoni mwa Friendship 7 haiwezi kuyaona hayo, hata ipanuliwe kiasi gani.

Nimeandika haya nikiwa Kagera kwa sababu mkoa huu una simulizi yake kuhusu kuifikia mbingu. Mapokeo ya Wahaya yanaeleza kuwa Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, aliwaamuru wafua chuma wamjengee mnara wa chuma ili ajue yaliyoko juu, na kwamba mnara huo ulianguka. Wazee wa Katuruka, karibu na Maruku, waliyahusisha masimulizi hayo na mti mkubwa wa Kaiija, jina linalohusishwa na ufuaji wa chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba mahali walipomwonyesha, akakuta mabaki ya ufuaji chuma ya kale kuliko Rugomora kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha utafiti uliodai kuwa mafundi wa Buhaya walipasha hewa joto ndani ya tanuru kabla haijafika motoni. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na mjadala wa namna hiyo ni afya ya elimu. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba kumbukumbu ya midomo ndiyo iliyomfikisha mchimbaji mahali penye ushahidi.

Lakini wazee wengi waliojua masimulizi hayo wamefariki, UKIMWI ukiwa miongoni mwa sababu, na mti wa Kaiija ulikatwa. Wanakijiji wenyewe ndio waliojitokeza baadaye kulifufua eneo hilo kuwa mahali pa urithi. Friendship 7 ina ulinzi na bajeti ya taifa tajiri. Kaiija ilikuwa na wazee.

Kwa watumishi wa halmashauri za Bukoba na Muleba nina ombi moja: eneo la kihistoria lisisubiri mgeni mwenye kamera ndipo lipewe kibao, mipaka na fungu katika bajeti. Kwa wanaharakati: ardhi inapotolewa leo kwa mradi wowote, hata uitwao wa kisayansi, ulizeni nani ametia sahihi na nani hakuulizwa. Kwa wanafunzi: nendeni Kamachumu, nendeni Maruku, mkaketi na babu na bibi zenu, mkaandike majina ya mahali na sababu za majina hayo. Chombo cha Washington kitapigwa picha mwaka huu na mwaka ujao. Mzee anayejua tanuru la babu yake lilipokuwa hana uhakika wa mwaka ujao.