Fundi Kwanza, Gari Baadaye

Mwaka 1893 Wajerumani walishusha Ziwa Nyasa meli ya mvuke iitwayo Hermann von Wissmann. Ilikuwa imeletwa vipandevipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, kisha ikaungwa. Agosti 1914 Waingereza, wakiwa na meli yao Guendolen, waliikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, Liuli ya leo, wakaishambulia. Baadaye waliitengeneza, wakaibandika jina jipya na kuitumia wenyewe. Waliweza kwa sababu walikuwa na karakana na mafundi wa meli kusini mwa ziwa. Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha mpakani mwa Tanzania na Malawi, Kasumulu, na kila nikitazama chombo cha usafiri cha mtumba huuliza swali lile lile: fundi wake yuko wapi?

Baada ya meli ilikuja baiskeli. Bonde la Kyela ni tambarare, na toka Talatala hadi Itungi baiskeli ndiyo iliyobeba mpunga, ndizi na wagonjwa. Kulikuwa na Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, kisha Swala iliyotoka kiwandani Dar es Salaam. Wazee waliponunua iliyotumika waliipindua miguu juu, wakazungusha gurudumu la nyuma na kuona kama rimu inayumba. Halafu walikwangua rangi kwa ukucha pale fremu inapoungana chini ya kiti, maana ndipo ufa uliochomelewa unapofichwa. Rangi mpya iliwafanya washushe bei.

Gari lilichelewa. Miaka ya ujamaa kuagiza gari kulitaka kibali, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mlango ukaanza kufunguka. Baadaye Toyota zilizotumika Japani zikaanza kuteremka milima ya Tukuyu, nyingine zikibaki, nyingi zikivuka kwenda Malawi. Hizo za kuvuka ndizo IT (in transit), ambazo madereva wake huokota abiria njiani hata polisi wakikataza.

Kwa IT ndiko nilikojifunza kukagua. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta ute mweupe mfano wa maziwa, maji yameingia kwenye injini. Dashibodi ikidai kilomita 40,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinaonekana, amini pedali.

Sasa zamu ni ya umeme. Bei ya kakao ilipopaa duniani mwaka 2024, mpwa wangu mwenye shamba alinijia na picha ya Tesla Model S iliyotumika, nyeusi, viti vya ngozi. "Mjomba, haina injini, haina oili. Kitaharibika nini?"

Betri, nikamwambia. Injini mbovu hutoa moshi na kelele, lakini betri iliyochoka huwaka taa zake zote na kukutazama. Kwenye Nissan Leaf walau utahesabu vipau 12 vya uwezo wa betri; vikipungua, umri wake umeuona. Kwa Model S mwombe muuzaji kipimo cha afya ya betri, kisha ulipande gari lenyewe. Bondeni kila gari ni zuri. Lipandishe hadi Tukuyu, uone chaji imeshuka kiasi gani kwa kilomita ulizokwenda; kurudi, mteremko utairudishia kidogo.

Kuna mambo mengine mawili ya huku kwetu. Betri ya gari hilo imelala chini ya sakafu, na gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Masika mito ikifurika, tope la Talatala litaligusa hapo hapo penye thamani. Na kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, betri ya kWh 75 iliyokwisha huchukua zaidi ya siku nzima kujaa, umeme usipokatika.

Sikumkataza. Nilimwambia apate kwanza jina na simu ya fundi aliyewahi kufungua betri ya aina hiyo. Fundi akiwa Dar es Salaam, nauli ya kulibeba gari juu ya lori hadi kwake iingie kwenye bei kabla ya kulipa. Hesabu ikimshinda, anunue Toyota Noah. Mafundi wake wamejaa hadi Ipinda.