Robo Isiyo Dhahabu

Leo naiweka tarakilishi kando kidogo kwa sababu kuna jambo limeninyima usingizi kuliko hitilafu yoyote ya programu niliyoandika mwaka huu. Nimeharibu saa ya marehemu baba mkubwa.

Si saa yenyewe, ni mkanda wake. Ni mkanda wa dhahabu wa pingili ndogo ndogo, kazi ya Uingereza, aliopewa pamoja na saa alipostaafu. Aliniachia akisema niitunze mpaka mjukuu wake amalize shule, na mjukuu anamaliza mwezi wa kumi na moja. Basi nikaona niusafishe. Nikachukua dawa yenye klorini, ile ya kufulia mashati meupe, nikaitia bakulini na maji kidogo, nikauloweka mkanda usiku kucha. Hoja yangu ilikuwa rahisi: dhahabu haishiki kutu, haiozi, hailiwi na kitu. Asubuhi rangi yake ilikuwa kama ya udongo, na nilipouinua, pingili tatu zilibaki bakulini.

Sonara niliyempelekea, mzee mmoja wa katikati ya jiji, hakucheka. Aliweka lenzi jichoni, akanionyesha ndani ya kifungo cha mkanda alama ambazo sikuwahi kuziangalia: 9, kisha .375, kisha nanga ndogo. Akasema, "Kijana wangu, dhahabu iko pale pale. Kilicholiwa ni shaba."

Nimesoma sana tangu siku hiyo. Hebu niwasimulie.

Tuanze na zile namba. Dhahabu safi huitwa ya karati 24. Kwa nini 24 na si 100? Mfalme Konstantino wa Roma, katika karne ya 4, alianzisha sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus, na uzito wake ulihesabiwa kuwa siliqua 24. Siliqua ni tunda la mkarobu, mti wa nchi za Mediterania ambao mbegu zake zilitumika kama vipimo vya kupimia vitu vidogo. Wagiriki waliiita mbegu hiyo keration, Waarabu wakasema qirat, na sisi tunasema karati. Kwa hiyo karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24, yaani 750 kati ya 1000, na hiyo ndiyo alama mtakayoiona kwenye saa ghali za Uswisi. Karati 9 ni 375 kati ya 1000. Uingereza iliruhusu kiwango hicho cha chini kwa sheria ya mwaka wa 1854, na kwa zaidi ya karne moja saa nyingi za zawadi ya kustaafu zilitengenezwa hivyo. Nanga ni alama ya ofisi ya ukaguzi ya Birmingham. Ya London ni kichwa cha chui.

Sasa, kwa nini mtu achanganye? Wengi hudhani ni ubahili tu. Ubahili umo, lakini dhahabu safi ni laini mno kwa kazi hii. Kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers hupata takriban 25, ilhali aloi ya karati 18 hupita 120. Mkanda wa saa ni mashine yenye viungo vingi vinavyosuguana kila unapoinua mkono. Ukiutengeneza kwa dhahabu safi utalegea mapema sana.

Kinachoipa aloi ugumu ni tofauti ya ukubwa. Atomu ya fedha inakaribia kulingana na ya dhahabu, hivyo inaingia kwenye mpangilio bila kusumbua mtu. Inabadilisha rangi, lakini ugumu hauongezeki sana. Atomu ya shaba ni ndogo zaidi. Ikiingia inapinda safu za jirani zake, na safu zilizopindika haziteleziani kwa urahisi. Ndiyo maana sonara huhitaji zote mbili: fedha huivuta rangi kuelekea njano hafifu, shaba huivuta kuelekea wekundu na kuleta ugumu. Mchezo wote umo katika ile robo isiyo dhahabu.

Hapa ndipo mimi, mtu wa hesabu, nilipokaa wima. Chukua gramu 75 za dhahabu na gramu 25 za shaba. Uzito wa atomu ya dhahabu ni takriban 197, wa shaba 63.5. Gawanya: 75 kwa 197 ni 0.38, na 25 kwa 63.5 ni 0.39. Yaani dhahabu nyekundu ya karati 18, ambayo kwa uzito ni robo tatu dhahabu, kwa idadi ya atomu ni nusu kwa nusu! Fanya hesabu hiyo hiyo kwa karati 9, ukiweka fedha kidogo na shaba nyingi, na utakuta atomu moja tu kati ya sita ndiyo dhahabu. Mkanda wa baba mkubwa ulikuwa mkanda wa shaba uliokaliwa na wageni wa dhahabu.

Masonara wa zamani walilijua jambo hili bila kujua atomu. Wakitaka kusafisha dhahabu yenye fedha ndani yake, hawakuitia moja kwa moja kwenye asidi ya nitriki, kwa sababu asidi ingeishia juu juu tu. Kwanza waliyeyusha dhahabu hiyo pamoja na fedha zaidi, mpaka dhahabu ikawa robo tu ya mchanganyiko. Hapo asidi ilipenya mpaka ndani, ikayeyusha fedha yote na kuacha dhahabu. (Ndiyo, walichafua ili wasafishe. Mwandishi wa programu yeyote atawaelewa.) Mwaka wa 1919 mwanakemia Gustav Tammann, aliyekuwa Göttingen, Ujerumani, alichapisha utafiti wa mpaka huo: dhahabu ikiwa karibu nusu ya atomu au zaidi, inawakinga wenzake, ikipungua sana, wenzake huachwa wazi. Karati 18 ya kawaida, yenye fedha na shaba kwa usawa, huwa na takriban asilimia 55 ya atomu zikiwa dhahabu. Karati 9 iko mbali chini ya mpaka.

Lakini bado kuna swali. Kama shaba ililiwa, kwa nini pingili zilivunjika badala ya kuchakaa tu? Jibu linapatikana katika jeshi la Uingereza huko India. Maganda ya risasi yaliyotengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki yalikuwa yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa majira ya mvua, bila mtu kuyagusa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1921 ulieleza sababu: ganda linapobonyezwa kiwandani hubaki na mkazo ndani yake, na amonia iliyokuwa hewani, kutoka kwenye mikojo ya farasi, ilishambulia mipaka ya chembechembe za metali. Mkazo peke yake hauvunji, wala amonia peke yake haivunji. Zikikutana, ufa unakimbia. Kwa dhahabu ya karati za chini, klorini hufanya kazi ile ya amonia, na mkazo uko tayari katika kila pingili iliyokunjwa na kila pini iliyogongwa.

Mikanda ya saa ilianzaje? Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia saa ya mkononi ilionekana pambo la wanawake; mwanamume aliweka yake mfukoni, kwenye mnyororo. Vita vikabadilisha hilo, maana huwezi kuchomoa saa mfukoni huku umeshika bunduki. Waliokuwa wakitengeneza minyororo ya mfukoni wakahamia mkononi. Maarufu kati yao ni Gay Frères wa Geneva, walioanza mwaka wa 1835 na baadaye wakatengenezea mikanda kampuni nyingi kubwa, mpaka Rolex ilipowanunua mwaka wa 1998. Rolex yenyewe ilitoa Datejust mwaka wa 1945, ya dhahabu, na mkanda wa pingili tano tano uitwao Jubilee. Kisha mwaka wa 1956 Day-Date na mkanda uitwao President, ambao hutengenezwa kwa metali za thamani pekee.

Mikanda mingi ya zamani ilikuwa ya bamba lililokunjwa, tupu ndani. Ilikuwa mepesi na ya bei nafuu kidogo, lakini ukiiona leo baada ya miaka 50 mara nyingi imelegea kama kamba iliyolowa. Watu husema imevutika. Haikuvutika! Vumbi na jasho vimeingia kwenye viungo vikawa kama msasa, tundu likapanuka na pini ikakonda. Baadaye pingili zikajazwa, na kwenye Day-Date 40 ya mwaka wa 2015 Rolex waliweka vipande vya kauri ndani ya pingili ili pini isisugue dhahabu. Ilichukua karibu miaka 60 kurekebisha hitilafu hiyo moja.

Ile robo nayo imekuwa uwanja wa ushindani. Dhahabu nyeupe ilitafutwa katika miaka ya 1910 kama mbadala wa platinamu, kwa kutumia nikeli au paladiamu. Nikeli ni rahisi na ngumu, lakini huwawasha watu wengi ngozi, na Ulaya iliiwekea mipaka kwa sheria ya mwaka wa 1994. Dhahabu nyekundu ina ugonjwa mwingine: shaba ya juu ikiguswa na klorini na chumvi, rangi hufifia. Rolex walijibu mwaka wa 2005 kwa aloi waliyoiita Everose, yenye platinamu kidogo. Omega wakaja mwaka wa 2012 na Sedna Gold, yenye paladiamu. Omega hao hao, mwaka wa 1969, walitengeneza Speedmaster ya dhahabu, mkanda na yote, kwa heshima ya safari ya mwezini, na namba 1 ikapelekewa Rais Nixon. Aliikataa kwa kuwa ilikuwa zawadi ghali mno kwa mtu wa cheo chake. (Viongozi wetu, mnasikia?)

Sasa mkanda wako. Mzee sonara anasema maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya kuoshea vyombo na mswaki laini wa mtoto vinatosha. Sugua upande wa ndani, kati ya pingili, maana uchafu unaoua uko huko, kisha suuza vizuri na ukaushe kwa kitambaa laini. Kama saa haizuii maji, mkanda utolewe kwanza. Ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi. Kwenye bwawa la kuogelea usiingie nao kabisa, na uvue unapofua au kuosha choo. Dawa ya meno usiipake, ina chembe zinazokwaruza. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, kaa mbali, kwa sababu zebaki huingia kwenye dhahabu yenyewe, si kwenye robo tu. Usiuhifadhi mkanda pamoja na saa ya chuma cha pua.

Kuhusu kung'arisha kwa mashine alikuwa mkali. Kila mng'ao mpya ni dhahabu iliyobaki kwenye brashi ya fundi, na kingo za pingili zikishalainika hazirudi. Dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu juu. Ikianza kuonekana njano njano si ugonjwa, ipakwe upya. Na mara moja kwa mwaka shika mkanda kwa ubavu, uunyooshe. Ukiinama sana kama bua, peleka pini zikaguliwe kabla saa haijaangukia sakafuni.

Wangu anautengeneza. Anazifinyanga pingili tatu mpya za karati 9, na zile zilizobaki anazikagua moja moja kwa lenzi kutafuta nyufa. Tayari amepata mbili zaidi. Amenionya kwamba mpya zitakuwa na wekundu kidogo kuliko za zamani. Nitaenda kuuchukua Jumamosi, na sijamwambia mjukuu.