Kasiki la Uani: Jinsi Kaya za Georgia Zilivyouhifadhi Mvinyo

Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vigae kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, makazi ya kale yaliyo yapata kilomita 50 kusini mwa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia katika eneo la Kaukasi. Vigae hivyo vilikuwa vimenyonya asidi ya tatariki, alama ya zabibu, tangu takriban mwaka 6000 K.K. Hadi wakati huo ushahidi wa kale zaidi wa mvinyo wa zabibu ulikuwa wa Hajji Firuz Tepe nchini Iran, ambao ni wa takriban miaka 600 baadaye. Lakini ukale hauelezi kwa nini Wageorgia bado wanatengeneza mvinyo kwa mitungi ya udongo. Jibu limo majumbani mwao.

Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba, msimu uitwao rtveli, ndugu na majirani wakisaidiana. Humwagwa katika satsnakheli, hori refu lililochongwa kwenye gogo, zikakanyagwa kwa miguu. Juisi humiminwa ndani ya kvevri, kasiki lenye umbo la yai lililozikwa hadi shingoni katika chumba kiitwacho marani. Huko Kakheti, mashariki, hutumbukizwa na maganda, mbegu, hata vikonyo. Imereti, magharibi, hutiwa sehemu tu ya makapi. Hamira haiongezwi, kwani iliyoganda kwenye maganda inatosha. Mara kadhaa kwa siku makapi yanayopanda juu hushindiliwa chini, yasije yakakauka na kuugeuza mvinyo siki. Yakishazama yenyewe, mdomo hufunikwa na kuzibwa kwa udongo hadi majira ya kuchipua. Ardhi hulinda joto lisipande wala kushuka ghafla, nazo mbegu hutuama kwenye kitako chembamba, mbali na mvinyo ulio juu.

Mwanafunzi wa kazi hii huanzia kwenye usafi. Uchafu uliosalia ndani ya kasiki unaweza kuharibu mavuno ya mwaka mzima, kwa hiyo husuguliwa kwa brashi ya magome ya mcheri, likaoshwa kwa chokaa na maji mengi. Kuta zake za ndani hupakwa nta ya nyuki lingali jipya.

Dola ya Kisovieti ilipoitwaa nchi mwaka 1921, mvinyo uligeuka kuwa kazi ya viwanda. Viwanda vilitaka lita nyingi, hivyo aina chache kama Rkatsiteli na Saperavi zikatawala mashamba, ilhali Georgia ina aina zaidi ya 500 za mizabibu. Kisha mwaka 1985 kiongozi wa Sovieti, Mikhail Gorbachev, akaanzisha kampeni dhidi ya ulevi, na mizabibu mingi ikang'olewa. Kilichonusurika ni kipande cha ardhi kando ya nyumba. Hapo familia iliendelea kupanda iliyoitaka na kujaza kasiki lake, kwa kuwa mvinyo huo ulikuwa wa meza yao wenyewe, haukuwa na hesabu ya kutimiza.

Hazina hiyo ya majumbani ilipata soko kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2006 Urusi, mnunuzi mkuu, ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia, na mlango haukufunguliwa hadi 2013. Watengenezaji wakageukia nchi nyingine, ambako wanywaji walivutiwa na mvinyo wa zabibu nyeupe wenye rangi ya kaharabu, inayotokana na kukaa miezi pamoja na maganda. Mwaka 2013 huohuo UNESCO iliuingiza ujuzi wa kvevri katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa wasiwasi umehamia kwa wafinyanzi. Makasiki makubwa hutoka katika vijiji vichache, kama Vardisubani na Shrosha, yakijengwa pingili juu ya pingili kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomwa. Mtoto hujifunza kukanyaga zabibu katika msimu mmoja. Kufinyanga chombo cha lita elfu moja kisichopasuka tanuruni ni elimu ya miaka, na wenye kuifundisha ni wachache.