RAV4: Lilikotoka, na Wapi pa Kuangalia Kabla Hujatoa Fedha Zako

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, msimu wa mauzo ukishapita maswali ninayopokea hubadilika. Kabla ya hapo ni viwavijeshi na mbolea, baada ya hapo ni magari. Na gari linalotajwa sana ni RAV4. Lina nafasi, liko juu kidogo, spea zinapatikana, na dalali atakwambia, "Hii ni Toyota, haiharibiki."

Fedha unayotaka kuitoa ni ya msimu mzima, pengine misimu mitatu. Kwa hiyo naomba uijue historia ya gari hili kwanza, maana RAV4 si gari moja. Ni magari tofauti yaliyopewa jina moja, na kila moja lina ugonjwa wake.

Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 1994. Kabla ya hapo, aliyetaka gari la kuvuta kwa magurudumu manne alinunua Land Cruiser, Hilux au Land Rover: gari zito, bodi imefungwa juu ya chesisi ya chuma. RAV4 ilikuja na wazo jingine. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, kama gari dogo la kawaida, na vifaa vyake vingi vilitoka kwenye Corolla na Carina. Lililengwa kwa vijana wa mjini waliotaka kwenda matembezi mwisho wa wiki. Shika hilo. Halikuzaliwa kubeba magunia kumi ya mahindi kutoka shambani. Ukilipakia kama Hilux, bushi na shokapu za nyuma zitakulipisha.

Toleo hilo la kwanza liliendelea hadi mwaka 2000. Utalitambua kwa namba ya chesisi inayoanza na SXA. Injini yake ni 3S ya lita 2.0, ngumu, na mafundi wengi wa wilayani wanaijua. Tatizo kubwa leo ni umri. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kisha lala chini uangalie kutu na nyaya zilizoungwaungwa.

Mwaka 2000 likaja toleo la pili, hili ambalo wengi wanaliita "Kili Time". Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lile 4 kwenye jina lilikuwa na maana ya magurudumu manne kuvuta. Lakini katika toleo hili, kwa soko la Japani, Toyota ilitengeneza pia RAV4 zenye injini ya lita 1.8 ambazo zinavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Namba zake za chesisi zinaanza na ZCA25 au ZCA26. Jina ni lilelile, umbo ni lilelile, na nyuma limeandikwa RAV4 kama mwenzake. Mtu wa barabara ya lami hatajua tofauti. Wewe ambaye masika unapanda mlima wa udongo mwekundu kupeleka ndizi gulioni, utaijua siku ya kwanza. Soma namba kwenye kadi, ilinganishe na iliyogongwa kwenye gari lenyewe, kisha chungulia chini: kama hakuna propela shafti inayokwenda nyuma hadi kwenye difu, hilo ni gari la kuvuta mbele, dalali aseme atakavyo.

Injini hiyo ya 1.8 inaitwa 1ZZ. Zile za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na yaliziba. Toyota ilibadilisha pistoni baadaye.

Zenye ACA20 na ACA21 zinavuta kote, na zina injini ya lita 2.0 iitwayo 1AZ, aina ya D-4. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ni teknolojia nzuri ikiwa mafuta ni safi na fundi anaijua. Kwa mafuta ya kwenye madumu ya kijijini, mimi singeichagua. Masizi hujaa kwenye njia ya hewa, gari hutetemeka likiwa sailensa, na pampu yake ya presha si kitu cha kupata dukani kwa bei ya plagi. Angalia pia nyuma ya injini kama kuna alama za maji yaliyovuja na kukauka. Injini za familia hii za miaka hiyo zilikuwa na tabia ya nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea kwenye bloku, na gari likaanza kuchemsha.

Toleo la tatu lilianza mwishoni mwa mwaka 2005, kubwa zaidi, na injini ya 2AZ ya lita 2.4. Hapa ACA31 inavuta kote na ACA36 ni ya mbele tu. Hata hiyo ACA31 kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma huamka ya mbele yakianza kuteleza. Swichi ya LOCK hushikilia nguvu nyuma, lakini ukipita kilomita 40 kwa saa inajiachia. Kwa matope inasaidia, si trekta.

Ugonjwa wa 2AZ ni oili. Malalamiko yalikuwa mengi hadi Toyota huko Marekani ikarefusha dhamana ya injini hizi kwa ajili ya tatizo hilo. Mwaka 2012 ikaita pia RAV4 za 2006 hadi 2011 zirudi kukaguliwa mikono ya suspensheni ya nyuma, kwa sababu nati zisipokazwa vizuri baada ya kufanya alaimenti, mkono hupata kutu na unaweza kukatika. Piga tochi hapo.

Na kilomita? Japani gari hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na gharama yake ni sababu mojawapo ya wao kuuza magari yakiwa bado mazuri. Kilomita huandikwa kwenye ukaguzi huo, na cheti cha kusafirisha gari nje huzionyesha. Mwombe muuzaji cheti hicho. Dashibodi ikisoma pungufu ya karatasi, umeshajua unazungumza na mtu wa namna gani.

Nenda asubuhi na mapema, pamoja na fundi wako, si wa muuzaji. Chomoa stiki ya oili kabla gari halijawashwa. Likiwashwa, simama nyuma ya ekzosi: moshi wa bluu ni oili inaungua. Zungukeni nalo nusu saa, pandeni mlima, kisha mrudi muangalie tena. Na ukifika saa moja asubuhi ukakuta boneti ni ya moto, mwambie utarudi kesho bila kumpigia simu.